Bakuli la Mwalimu Fok

Kila asubuhi, kabla hajanywa, babu yangu Fok Gam-tong aliosha kikombe chake kwa chai ya moto, kisha akaimwaga ile chai kwenye bakuli. Foshan nzima, mji wetu wa kusini mwa China, hufanya hivyo. Ila babu akiudhika aliosha tena, na tena, na sisi tuliokaa naye mezani tulijua hali yake kwa kutazama bakuli linavyojaa.

Alifundisha ngumi na ngoma ya simba, ile ya wachezaji wawili ndani ya simba wa kitambaa, katika ukumbi uliotazamana na nyumba ya chai. Juu ya mlango aliandika: anayepiga kwa hasira atoke, asirudi. Mpwa wake mwenyewe alitolewa kwa maneno hayo, na dada yake babu akanuna tangu siku ile. Mchana, msimulizi wa nyumba ya chai alipotuhadithia mabingwa wa panga wanaotabasamu huku nyumba zao zikiungua, babu alitikisa kichwa.

"Hao hawajawahi kuwa na wanafunzi," alisema.

Wa kwake aliyemsumbua zaidi, na aliyempenda zaidi, alikuwa Chiu, mbeba kichwa cha simba. Simba wa kumbi mbili wakikutana njiani huinamisha vichwa. Kuinua ni kutukana. Mwaka Mpya ule tulikutana na simba wa Mwalimu Lo wa mtaa wa pili. Moshi wa fataki ukamwingia Chiu puani, akapiga chafya, na kichwa cha simba wetu kikaruka juu.

Kesho yake asubuhi Lo akaja mezani kwetu katika nyumba ya chai. Hakutaka kupigana. Alitaka babu ampige, basi. Kanuni ya mlangoni ilijulikana mji mzima, na babu akitoka, wanafunzi wangehamia kwa Lo.

"Mzee Fok, nasikia simba wako ana mafua."

"Alikuwa nayo, kijana wangu. Amekunywa tangawizi. Karibu chai."

"Au ni uzee wa mwenyewe? Wanasema siku hizi ukikunja ngumi, vidole vinasahau kufunguka."

Babu akaosha kikombe.

"Na aliyekufundisha, si alikuwa mpika maharage tu?"

"Matamu kweli," babu akasema, akaosha tena. Bakuli lilikaribia kufurika.

Lo alipoona hapati kitu, akalinyakua lile bakuli kwa dharau, bila kutazama ni la nini, akalinywa lote kwa mkupuo mmoja, akajifuta mdomo.

"Hata chai yako haina ladha."

Mhudumu akageukia ukutani, mabega yakimtetemeka. Babu akainamia meza kama hakuona kitu, ili amsitiri mgeni. Lakini Chiu alikuwa nyuma yetu.

"Nikuongeze, Mwalimu Lo? Soksi zangu bado hazijafuliwa."

Watu wakaangua kicheko. Lo akawa mwekundu hadi masikioni. Hapo kofi likalia: babu alikuwa amemzaba Chiu.

"Mgeni wa meza yangu humchezei," akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Kisha akautazama mkono wake.

Wa kwanza kusema alikuwa Lo.

"Mzee, hilo lilikuwa kofi la kufunza."

"La hasira. Mkono ni wangu, naujua."

"Basi mimi sikuona kitu. Nilikuwa nakunywa."

Hata babu alicheka.

"Halikuuma, Mwalimu," Chiu akasema, shavu likiwa limevimba.

"Yule aliyepigwa na mpwa wangu naye alisema hivyo hivyo."

Akavuka barabara, nasi nyuma yake. Ukumbini akachukua tundu la ndege wake, akampa Chiu ufunguo wa mlango. Lo alisimama kando ya mlango, kichwa chini kama simba mwenye adabu.

"Babu, unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Kwa dada yangu, nikafuge naye bata. Akikubali kunifungulia." Akamgeukia Chiu. "Na wewe, ukipiga chafya, piga umeinama."

Akapita chini ya maandishi yake akipiga mluzi, ndege akimjibu, na mlango ule hakuuingia tena.