Johari na Taa ya Bibi Harusi

Jumamosi, tarehe 15 Novemba 2025. Manyunyu tangu alfajiri, mawingu mazito, upepo hakuna.

Jioni hiyo Johari Mbarak, mjane wa Magogoni, alikuwa na kazi ya kupamba katika ukumbi mmoja wa Kisauni. Kupamba ni sherehe ya wanawake watupu: mabuibui huvuliwa, simu huachwa mlangoni, na mwanamume haingii hata akiwa fundi wa stima. Kwa hivyo kazi yote ilikuwa ya Johari. Mikono ilipiga kinanda. Miguu, bila viatu, iliendesha taa. Chini ya kinanda palikuwa na pedali ya midi, ubao wa chuma wenye vitufe, uliounganishwa kwa waya na kompyuta. Akikanyaga kitufe, programu ya taa hubadilisha rangi za jukwaa. Kitufe cha tatu kilikuwa cha bibi harusi: ukumbi hufifia, kisha mwanga mweupe humfuata akipanda ngazi.

Ila Johari alikuwa akipofuka. Presha ya macho ilikuwa imekula mwono wa pembeni, sasa yala wa katikati, na daktari alisema yaliyopotea hayarudi. Aliyejua ni binti yake Ruwaida tu. "Bi Fatma akisikia, nimetoka," Johari alimwambia. Bi Fatma ndiye mwenye ukumbi, na kazi nyingine Johari hakuwa nayo. Ruwaida alimfungia nyaya kabla ya wageni kuingia; vitufe alivitafuta mwenyewe kwa vidole vya miguu.

Pedali ile ilikuwa na kurasa mbili. Wa kwanza ni wa bibi harusi, wa pili ni wa ngoma ya chakacha, na humo kitufe cha tatu huzima taa zote kwa mpigo ili wachezaji wapige kelele. Kitufe kidogo cha pembeni hubadilisha ukurasa, na nambari nyekundu huonyesha uko upi.

Wanawake waliobeba kiti cha bibi harusi walipita hapo, mmoja akakanyaga kitufe kile cha pembeni. Johari alikuwa akinywa maji.

Bi Mweri, somo wa bibi harusi, yaani kungwi wake, ajuza mwenye miguu mizito, alimshika msichana mkono wakaanza kupanda. Vigelegele vikapaa. Johari akakanyaga kitufe cha tatu.

Ukumbi ukawa giza tupu. Yeye akaendelea kupiga kinanda, maana kwake ukumbi uliofifia ulikuwa hivyo siku zote.

"Taa! We Johari, taa!"

"Jamani, bibi harusi kaibiwa!" mmoja akasema, watu wakacheka. Kisha wakamsikia Bi Mweri akilia chini ya ngazi, na kicheko kikakatika.

Johari akakanyaga tena, na tena. Ruwaida alifika akipapasa.

"Mama, nambari yasema ngapi?"

Johari akazidi kukanyaga.

"Ile nyekundu, mama. Yawaka hapo miguuni mwako."

"Siioni."

Ruwaida akainama akabonyeza. Taa ziliporudi, bibi harusi alikuwa amesimama ngazini peke yake, na mguu wa Bi Mweri umegeukia upande usio wake.

Bi Fatma alichukua maikrofoni. "Stima ya taa ilipotea, jamani. Poleni sana." Kisha akamnong'oneza Johari, "Jumamosi ijayo nina harusi kubwa zaidi. Usichelewe."

Habari zilikuja baadaye kwa simu: nyonga ya Bi Mweri imevunjika.

"Wote wasema ni stima, mama," alisema Ruwaida. "Waache waseme."

Johari alikaa kwenye msala wa kuswalia mpaka Ruwaida akalala.

Asubuhi, manyunyu yakiendelea, alimwamsha binti yake amshike mkono njiani, jambo alilokuwa akilikataa mbele za watu. Walikwenda hospitalini kwanza.

"Shikamoo, Bi Mweri."

"Marahaba. Pole ya stima sitaki, nimeshapewa nyingi."

"Haikuwa stima. Ni mimi. Macho yangu yamekufa."

Bi Mweri akamgeukia. "Fatma ajua?"

"Bado."

"Basi wangoja nini hapa?" Akageuza uso kuelekea ukutani.

Kutoka hapo Johari alikwenda ukumbini. Aliuchomoa waya mwenyewe kwa kupapasa, akaukunja, akaibeba pedali hadi ofisini akaiweka mezani mbele ya Bi Fatma. Kisha akamwambia habari ya macho yake.