Siku Mama Alipofungua Tumbo la Jeep

Sisi tuliokulia kijijini Lweba, kando ya ziwa, miaka ile, kabla pikipiki hazijajaa barabarani, tulizijua injini kwa sauti kama tulivyowajua majirani. Hazikuwa nyingi. Kulikuwa na lori la wafanyabiashara lililokuja siku za soko, na kulikuwa na jeep ya papa, baba yangu. Tukisikia mojawapo, wasichana tuliacha kuruka nzango katikati ya wimbo, wavulana wakazitupa rondo zao za kuchezea mchangani, tukakimbia wote barabarani, midomo bado inang'aa mawese ya sombe, kisamvu tulichokula mchana.

Jeep ile ilikuwa automatique. Vijana wa leo wakisikia neno hilo hawageuzi hata shingo. Wamezaliwa wakakuta kila kitu kinajiendesha, na wao wenyewe ndio wanaohitaji kusukumwa. Kwetu ilikuwa ajabu. Shofere wa lori tulimwona akipigana na vitesi, yaani gia, mkono unatetemeka mpaka begani, jasho linamtiririka. Papa aliketi kama mtu aliye kanisani, na gari likabadilisha vitesi lenyewe. Sisi watoto tulikubaliana kwamba chini ya miguu ya papa, ndani ya ile bwati ya vitesi, sanduku la gia, mna mtu mdogo anayefanya kazi hiyo. Tulichobishania ni chakula chake tu. Rafiki yangu Riziki alisema anakula bugali na ndagala kama sisi. Mimi nilishikilia kwamba anakunywa mawese, maana niliwahi kuona chuma cha kupimia mafuta ya bwati kikitolewa, na ncha yake ilikuwa nyekundu.

Msimu mmoja wa mvua jeep ilianza kuchoka. Papa alikanyaga, injini ikapiga kelele, gari likabaki palepale kama mbuzi anayekataa kuvutwa, halafu likaruka mbele kwa ghafla. Kwenye kilima cha njia ya kwenda mjini Baraka ilitubidi tushuke wote tusukume. Papa aliona aibu, lakini zaidi ya aibu aliogopa. Jeep ile ilikuwa yake kwenye karatasi tu. Ndiyo iliyobeba wagonjwa wa kijiji, na maharusi, na majeneza. Na mwaka ule shangazi Neema, dada yake mdogo, alikuwa mjamzito. Mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa kupasuliwa, na muuguzi wetu alikuwa amemwonya: safari hii asithubutu kuzalia nyumbani, afikishwe hospitali Baraka.

Jioni moja mama alichomoa kile chuma cha kupimia, akakinusa, akakipangusa kwenye kitambaa cheupe. Doa lilikuwa jeusi.

"Ni mafuta ndio imeungua," alisema. "Bwati yenyewe haiyakufa. Tutoe hii, tutie ingine."

Papa alitikisa kichwa, akamwita kwa jina langu kama kawaida. "Mama Atosha, automatique haifunguliwe hapa ku nyumba. Bantu banasema ukiifungua, haitarudia tena vile ilikuwa."

"Na siku baliitengeneza, si ni bantu balifunga?"

Mama hakuwa anabahatisha. Wakati wa ukimbizi, ng'ambo ya ziwa, alijifunza ufundi wa magari kambini. Alirudi nchini nikiwa mgongoni mwake, na kichwani amebeba mfuko wa kle, spana za fundi. Lakini Lweba walimjua kama mama wa shamba la mihogo, na ule mfuko ulikaa chini ya kitanda miaka yote ile. Papa akaenda kuagiza mafuta na filtri mpya ya kuyachuja kutoka mjini Uvira.

Vilipofika ilikuwa Jumamosi. Papa aliizungusha jeep kijijini kwanza ili mafuta yapate moto, yatoke kwa urahisi. Yeye na mama wakaiinua kwa kriki, yaani jeki, wakaikalisha juu ya magogo na mawe, na mama akaitikisa kwa mabega kuhakikisha haitaanguka. Akafunga kitenge katikati ya miguu kama suruali, akalala chali kwenye mkeka, akaingia chini. Majirani walikuwa wameshajaa uani. Bamama waliokuwa wakienda ziwani kuchota maji walitua ndoo zao, na maji yakasahauliwa.

"Batoto, mutoke karibu, iko moto!" mama alisema kutoka chini.

Mafuta yalitoka meusi, yananuka kama maharagwe yaliyoungulia chunguni. Mama hakumwaga hata tone. Aliyapima yote kwenye bido, dumu la plastiki, akamwambia papa, "Vile tunatoa ndio vile tutarudisha. Isizidi, isipunguke." Kisha akafungua ile sahani kubwa ya chuma iliyofunika bwati kwa chini, akaishusha polepole, akatuita tuchungulie.

Niliingiza kichwa nikimtafuta yule mtu mdogo. Hakuwemo. Kulikuwa na njia nyembamba, nyingi mno, zimejikunja na kukutana kama njia za mchwa ndani ya kichuguu, ila hizi kingo zake zilinyooka na zilimetameta. Nilihisi nywele zinanisimama. Koko, mama mzaa papa, naye aliinama kwa shida, akatazama, akavua kilemba chake kama mtu aliyeingia patakatifu.

"Hii yote muntu aliiwaza mu kichwa?" aliuliza.

"Ndiyo, mama," mama akamjibu. "Na mafuta ndio inapita mule, inasukuma. Ikichafuka, haina nguvu."

Mama alikuwa anapangusa vumbi la chuma lililoganda kwenye sumaku za ile sahani pale tuliposikia sauti ya mume wa shangazi Neema kutoka barabarani. Alikuwa anakimbia miguu mitupu.

"Uchungu imemukamata! Jeep iko wapi?"

Alikuwa amesimama mbele ya jeep yenyewe. Ilikuwa juu ya magogo, tumbo wazi, haina tone ndani. Siku za kujifungua zilikuwa bado, tulidhani tuna muda. Na ziwa lilikuwa limechafuka tangu alfajiri. Wavuvi walishavuta mitumbwi nchi kavu, na hakuna ambaye angemtia mama mjamzito kwenye mawimbi yale.

Papa alishika kichwa.

"Mulete kipoyi," mama alisema. Alikuwa bado chini ya jeep, na sauti yake ilikuwa ileile ya kuniagiza chumvi. "Mumubebe, muanze kwenda. Mi nitabafikia ku njia."

"Na kama haitawaka?" papa aliuliza.

"Basi mutakuwa mumeshaanza."

Wanaume wakaleta kile kitanda cha miti cha kubebea wagonjwa, wakamlaza shangazi, na papa mwenyewe akatia bega mbele. Wakaondoka karibu wanakimbia. Watu wakawafuata, wengine wakibaki nusu njia, hawajui waende na kipoyi au wabaki na jeep.

Mama hakuharakisha mikono. Hicho ndicho kinachonishangaza mpaka leo. Alifunga filtri, akapandisha sahani, akaanza kukaza bulo za kuishikilia, moja upande huu, nyingine upande wa pili, taratibu, kama mtu anayesuka nywele. Koko alikuwa anasali kwa sauti. Kisha mama akatoka, akakata chupa ikawa faneli ya kumiminia, na mafuta mapya yakaanza kushuka, mekundu, membamba, yanapitisha mwanga wa jua. Kiasi kidogo alikibakiza kwenye bido la mafuta mapya, cha kuongezea baada ya kupima injini ikiwaka.

Akaomba vijana waishushe jeep kutoka kwenye magogo. Akaketi kwenye kiti cha papa. Hapo uani hakukuwa na hata mmoja aliyewahi kumwona mama akiendesha.

Injini ikawaka. Akakanyaga breki, akaanza kupitisha mkono wa vitesi kila mahali, anasimama kidogo kila unapofika, mbele, nyuma, mbele. Akaachia breki. Jeep haikusogea.

Mtu mmoja akaguna. Koko akaacha kusali.

Mama akaurudisha mkono wa vitesi, akashuka injini ikiwa inawaka, akapima, akamimina yale aliyobakiza. Akapima tena. Akapanda.

Safari hii jeep ilivuta mbele laini, kama mtumbwi unaoachia mchanga. Nilisikia bamama wakipiga vigelegele. Koko hakungoja kualikwa. Alifungua mlango, akanisukuma ndani, akapanda juu yangu karibu anikalie.

Tuliwakuta chini ya kile kilima. Papa alikuwa bado mbele, shati limeganda mgongoni, bega limevimba. Aliposikia jeep aligeuka, akamwona mkewe nyuma ya usukani, na kinywa chake kikabaki wazi. Wakampandisha shangazi, kichwa chake kwenye mapaja ya koko. Kilima tulikipanda bila kuteleza. Sikusikia hata vitesi vikibadilika. Nilisikia tu shangazi akiuma meno, na mama akimwambia wifi yake, "Vumilia, mulamu, tunafika," tena na tena, mpaka nyumba za kwanza za Baraka.

Hospitalini walimpeleka moja kwa moja kupasuliwa. Jua lilikuwa halijazama muuguzi alipotoka kutuambia ni msichana, na mama yake anaongea. Koko alipiga magoti palepale kwenye saruji. Mama alibaki ameketi kando ya ukuta, mikono yake iliyojaa weusi wa mafuta ameificha ndani ya kitenge, kwa kuwa bamama waliopita walikuwa wanamtazama.

Papa alipotea, kisha akarudi na ndoo ya maji na kipande cha sabuni. Alichuchumaa mbele ya mama, mbele ya watu wote wale, akautoa mkono mmoja kwenye kitenge, akaanza kuuosha. Kidole kwa kidole. Mama alijaribu kuuvuta.

"Acha, bantu banaona," alisema.

"Baone," papa akajibu, na akaushika mkono wa pili.

Sabuni haikutosha kutoa ule weusi kwenye kucha. Papa hakuacha mpaka maji yalipoisha.

Leo mimi ni mtu mzima, ninaishi Baraka, na magari yapo mpaka yanatuchosha. Mafundi ni wengi, vifaa vinapatikana, na mimi siombi siku zile za kubebana mabegani zirudi. Ila watoto wangu hawachungulii chini ya kitu chochote. Ukiwauliza jeep inaendaje, wanakwambia unabonyeza.

Juzi nilimpita kijana aliyeharibikiwa na gari njia ya Fizi. Boneti iko wazi, yeye ana simu sikioni, anaelekezwa na mtu aliye mbali. Watu wanapita, pikipiki zinapita, hakuna anayetua kitu. Nikaweka kikapu changu chini, nikasimama.

Akaniangalia. "Mama, we uko fundi?"

"Hapana."

"Sasa unangoja nini?"

"Singoji kitu. Niko na we tu."

Baadaye kidogo alizima simu, akanisogezea jiwe nikae.