Siku Niliyokuwa Uzito wa Barabara

Mwezi uliopita vijana wa kaunti walipita nyuma ya nyumba yangu hapa Voi, wakakata migunga iliyokuwa imeegemea waya za stima. Matawi yalilala juani mpaka adhuhuri, na harufu yake ikanifuata jikoni, harufu ya utomvu na vumbi, kali kidogo puani. Niliacha kuchambua mchicha. Mjukuu wangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nimekumbuka tu siku nilipokalia matawi kama hayo nikaendesha gari la mashindano. Alicheka, akarudi kwenye simu yake. Basi nawasimulia nyinyi mlio na subira.

Ilikuwa miaka ya hamsini, baada ya Malkia kutawazwa, magari ya mashindano yalipoanza kupita kwetu. Yaliingia Taveta kutoka Tanganyika, yakapita Salaita na Maktau, yakateremka Mwatate hadi Voi. Lami ilikuwa bado ndoto. Tulikuwa na udongo mwekundu, mawe na ndovu. Maili sita za njia hiyo, kutoka Voi kuelekea Mwatate, zilikuwa za baba yangu. Serikali ilidhani ni zake kwa sababu ndiyo iliyomlipa mshahara wa unyapara, lakini sisi nyumbani tulijua mwenyewe ni nani. Akikuta shimo alinuna kama mtu aliyetukanwa. Na msemo wake haukumtoka mdomoni: haraka haraka haina baraka. Haya, mtu wa kusema hivyo ndiye aliyewatengenezea njia watu wenye haraka kuliko wote duniani!

Mimi nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa nimerogwa na magari yale. Mwaka uliotangulia nilikuwa na surua, nimefungiwa chumba cha giza, na yote niliyoyapata ni mlio. Nilikaa kitandani nikiyasikia yakija, yakinguruma, yakitokomea, watoto wenzangu wakipiga vigelegele nje. Nililia mpaka homa ikapanda. Baada ya hapo nilijifunza kuyatofautisha magari kwa sauti, hata lile dogo lenye mgongo kama wa chura nililijua kabla halijatokeza konani. Nilijichagulia namba saba, nikaichora kwa mkaa kifuani pa gauni langu la Jumapili. Kofi nililopata kwa Mama nalisikia mpaka leo.

Mwaka wa pili nilihesabu siku. Kisha ikaja barua kutoka kwa shangazi yangu wa Wundanyi: nafasi imepatikana katika shule ya misheni kule juu, mtoto awepo Jumatatu asubuhi, akichelewa atapewa mwingine. Basi la kupanda mlimani lilikuwa Jumatano na Jumamosi tu. Jumatano ilikuwa imepita. Jumamosi basi liliondoka asubuhi, na magari ya mashindano yalitarajiwa alasiri ya siku hiyo hiyo.

Nililia, nikasusa chakula, nikasema sitaki kusoma. Mama, aliyekuwa amejifungua majuzi na hakuwa na nguvu ya kubishana, alisema magari hayajawahi kumlisha mtu. Nikamgeukia Baba. Nilijua yeye atanitetea, yeye mwenye barabara. Baba alitazama chini, akakuna kidevu, akatoka nje. Niliapa sitamsemesha tena.

Ijumaa asubuhi, kabla jua halijakaza, Baba alikuja kuniamsha. Alikuwa akiniita Mama, kwa sababu nimepewa jina la mama yake.

"Mama, vaa nguo kuukuu," alisema. "Leo nahitaji uzito."

Ngoja niwaeleze. Barabara ya udongo ikipitwa sana na magari huota vituta vidogo vidogo, kimoja nyuma ya kingine, kama mikunjo ya bati, na mabati ndivyo tulivyoviita. Dawa yake ilikuwa kufunga matawi ya mgunga kwa mnyororo, kuyakokota kwa trekta, na kuweka ubao juu yake wenye kitu kizito, ili miiba ichane vituta na kusawazisha udongo. Kitu kizito siku ile nilikuwa mimi, kilo zangu ishirini na ushei, juu ya gunia lililokunjwa, nimeshika sahani ya bati iwe usukani. Na Voi ina mawe ya kujengea mji mwingine. Lakini mtoto wa miaka tisa aliyeambiwa anahitajika haulizi habari ya mawe.

Trekta iliendeshwa na Mwakio, mwenzake Baba, mtu mrefu aliyeongea kwa nadra. Ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, mnyororo ukakaza, nami nikaondoka. Wenzangu, niliondoka! Vumbi lilipanda likanimeza, meno yakagongana, makalio yakafa ganzi kabla ya maili ya kwanza. Nilinguruma kwa mdomo. Kwenye kona nililala upande kama nilivyosikia madereva hufanya. Kanga walikurupuka vichakani kunipisha. Bibi mmoja mwenye mzigo wa kuni alitujia kwa nyuma, akatusalimia, akatupita, akatuacha. Baba alitembea kando na jembe lake akifukia mashimo, na kila nilipogeuka nilimkuta ananitazama. Nikasahau kwamba simsemeshi. Nilimpigia kelele aangalie kona yangu, naye akatikisa kichwa kama mtu aliyeshangazwa kweli.

Saa sita tulikula kimanga, ule mseto wa maharage na mhogo, kikiwa na mchanga wa kutosha. Hapo ndipo nikausikia mlio ambao haukuwa wa trekta. Gari dogo la kijivu lilikuja polepole kutoka upande wa Mwatate, namba imepakwa rangi nyeupe mlangoni. Akashuka Kalasinga wa makamo, ndevu zimejaa vumbi. Alikuja kuipima njia kabla ya siku yenyewe. Alitembea hatua kadhaa juu ya sehemu tuliyotoka kuikwangua, akaikanyaga kwa kisigino, akachuchumaa akapitisha kiganja. Alisema tangu Taveta mifupa yake imekuwa ikimlaani, na hapa imenyamaza. Akauliza ni nani aliyelainisha hapa.

Baba alininyooshea kidole. "Ni huyu," akasema.

Yule bwana hakucheka. Alinipa mkono, akaushika wangu mwekundu wa udongo, akaniruhusu niguse boneti. Ilikuwa ya moto na ilikuwa ikitetemeka. Sijui niligusa muda gani. Alipoondoka alipiga honi mara mbili, nami nilibaki nimeinua mkono mpaka Mwakio akaniuliza kama umekwama.

Kesho yake nilipanda basi. Nilidhani furaha ya Ijumaa ingenitosha, lakini nilipoona watu wanajipanga kando ya njia kungoja magari, moyo ulivunjika upya. Baba alipanda pamoja nami, sanduku langu magotini mwake. Abiria wakasema leo basi linateleza kama juu ya siagi. Nilimpa Baba mgongo, nikabandika uso kwenye kioo, nikalia mpaka Wundanyi.

Alasiri tulikuwa barazani kwa shangazi tukipukuchua mahindi. Baba alitazama jua, akasema taratibu, "Saa hii wanapita kwetu." Niliona ananicheza shere. Nikayamwaga mahindi, nikakimbilia ndani, na Jumapili alipoteremka kurudi Voi sikutoka kumuaga.

Mwaka uliofuata magari yalipitishwa njia nyingine. Miaka ikaenda, nikasoma, nikawa mwalimu, nikaolewa. Siku tulipomzika Baba, Mwakio, mzee sasa, alikaa kando yangu akaongea kuliko nilivyowahi kumsikia. Aliniambia kwamba Jumamosi ile Baba alikuwa amepewa kaki mpya na bendera nyekundu, asimame kwenye kivuko cha mto awaelekeze madereva, mbele ya wakubwa wote wa wilaya. Hakuna nyapara mwingine aliyechaguliwa. Bendera akamwachia Mwakio. Mwakio alimsihi: mkabidhi mtoto kwa kondakta, watoto wote husafiri hivyo.

"Alinijibu, 'Huyu atalia njia nzima,'" Mwakio akasema. "'Afadhali alie akiwa na mtu wake.'"

Miaka yote nilidhani ni mimi peke yangu niliyeyakosa magari. Kule barazani Baba hakuwa akinicheza shere. Alikuwa akitafuta mtu wa kuyakosa naye, na hapo hapakuwa na mwingine ila mimi. Na mimi nilikuwa nimempa mgongo kutoka Voi hadi Wundanyi. Hilo la mgongo ndilo linaloniuma.