Picha Moja ya Guku na Mabala

Sisi tuliokulia Nyalikungu, pale Maswa, wakati picha ilikuwa kitu cha kusubiri, tunajuana hata kwa namna tunavyosimama mbele ya simu. Mikono inashuka pembeni, kidevu kinapanda, pumzi inabanwa. Vijana hutucheka. Wao wanajipiga huku wanatafuna, huku wanatembea, huku wamepinda shingo kama wanaumwa jino. Sisi tuliambiwa kwamba anayepigwa picha hatikisiki wala hacheki, kwa sababu haikujulikana lini utapigwa nyingine.

Mpiga picha alikuja na baiskeli. Alipita Krismasi na Pasaka, watu wakitoka kanisani, na siku hiyo nyumba nzima ilihangaika. Mama alitupaka mafuta ya mgando mpaka magoti yakang'aa. Baba alitoa redio nje na kuiweka juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma, pembeni maua ya plastiki. Redio ile ipo kwenye picha zote za utoto wetu, na kuna picha ambazo imetoka vizuri kuliko sisi. Kisha mpiga picha aliondoka na sura zetu kwenye mkanda wake, tusimwone tena mpaka tumeshasahau tulivaa nini.

Mengine yalikuwa kama ya wenzangu wote wa rika langu. Tulicheza rede mpaka mpira wa soksi ukafumuka. Msimu wa pamba, nyumba ilijaa pamba hadi chumba tulicholala, tukajizamisha humo kama kwenye godoro, na asubuhi tukaenda shule na nyuzi nyeupe kichwani. Mfukoni tulibeba matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ambavyo ukivitafuna katikati ya somo la hesabu mwalimu alivisikia kabla hajakuona.

Kamera iliingia kwetu kupitia shangazi Kabula, dada yake baba, aliyekuwa muuguzi kwenye zahanati kule Nassa. Aliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Alipojifungua mtoto wake wa kwanza alisema mikono yake sasa imejaa, akaniletea mimi nikiwa darasa la sita. Kaka zangu walilalamika. Shangazi akawaambia kwamba kati yetu wote ni Minza peke yake aliyeomba kabla ya kuishika.

Alinifundisha mambo machache: jua liwe mgongoni kwangu, nishike pumzi, nisifungue mgongo wa kamera kabla mkanda haujarudishwa. Halafu akasema neno ambalo bado nawaambia watu, "Usibonyeze mpaka ujue unataka nini."

Baba hakuipenda. Alisema ni kitu kinachokula mkanda na hakitoi maziwa.

Mkanda wa kwanza uliungua wote, kwa sababu kaka yangu Sayi aliufungua mchana kweupe ili aone picha zimefikia wapi. Wa pili nilipiga watu wakiwa na jua nyuma yao, wakatoka weusi kama mikaa. Kila mkanda ulipoisha niliufunga kwenye kitambaa na kumpa kondakta wa basi, yeye akampa shangazi, naye akaupeleka studio Mwanza kusafishwa siku aliyokwenda kuchukua dawa za zahanati. Picha zilirudi kwa njia hiyohiyo. Katika kusubiri kule ndiko nilikojifunza. Usiku kabla ya kulala nilizikumbuka picha nilizopiga, moja moja, nikijiuliza mkono ulikuwa wapi na jua lilikuwa wapi.

Mwaka huohuo baba mdogo Masanja alikuwa anaoa. Mahari ilishakubaliwa. Kisha baba wa binti akaenda Mwandoya kutembelea zizi la guku, yaani babu yetu Jilala, akamwona Mabala. Mabala alikuwa dume la mbegu, mweupe mwenye mabaka meusi, nundu yake imelalia upande mmoja. Mkwe akasema ng'ombe wengine kina guku watachagua wenyewe, lakini yule dume awemo.

Bibi alitusimulia baadaye kwamba tangu siku hiyo guku alikuwa akiamka, anakwenda zizini, anakaa huko mpaka maziwa yake yanaganda kwenye kikombe. Harusi ilikaribia kuvunjika, na baba mdogo alikuwa amekonda. Mwisho guku alikubali, akaweka sharti moja: kabla Mabala hajaondoka, wapigwe picha pamoja. Alikuwa amesikia kwamba mjukuu wake wa Maswa ana kamera.

Baba, ambaye hakuipenda kamera, alinipeleka mwenyewe likizo ya Juni, juu ya lori lililokuwa linafuata pamba. Nilikuwa nimeifunga kamera kwenye kanga ya mama ili vumbi lisiingie. Tulipofika nilipiga magoti nikamwamkia guku, mwangaluka, naye akaitikia bila kuniangalia mimi. Alikuwa anaangalia kile kifurushi.

Mji wa guku ulikuwa umejaa watu wa maandalizi ya harusi, na kila mtu alitaka apigwe. Nilikuwa mtoto na wao walikuwa wakubwa, sikuweza kuwakatalia. Asubuhi ya siku ya kumpiga guku picha, kidirisha cha namba kilionyesha kwamba imebaki picha moja. Nilimwambia guku.

"Moja inatosha," akasema. "Mabala ni mmoja."

Alivaa koti lake la kanisani na kofia. Baba mdogo alikuwa amemwogesha Mabala na kumsugua kwa majani mpaka mabaka yake yakaonekana kama yamepakwa rangi. Guku alikuwa mtu mrefu, akasimama kando ya shingo ya dume, mkono mmoja juu ya nundu. Mimi nilitaka pembe ziingie zote na kwato ziingie zote. Nilirudi nyuma mpaka ua wa miiba ukanichoma mgongoni. Nikachungulia, nikawaona wote wawili wazima, kofia mpaka kwato. Nikashika pumzi, nikabonyeza.

Mabala aliondoka wiki ileile pamoja na wengine. Wanawake walipiga vigelegele. Guku alikuwa ameingia ndani.

Picha ziliporudi kutoka Mwanza nilikuwa nimeshafungua shule. Mabala alitoka vizuri ajabu, hata kope zake zilionekana. Guku alikuwa amekatika shingoni. Lilikuwepo koti, ulikuwepo mkono juu ya nundu, kichwa hakikuwepo. Shangazi ndiye aliyenieleza kwamba kwenye kamera ile tundu la kuchungulia liko juu na lenzi iko chini, hivyo ukisimama karibu, kama nilivyozuiwa na ule ua, jicho linaona kichwa na lenzi inaona kifua. Hakuwahi kuniambia kwa sababu yeye mwenyewe alizoea kusimama mbali. Baba aliitazama, akatoka nje. Mama alisema baba ana kikohozi.

Desemba nikaipeleka Mwandoya. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi juu ya tundu na lenzi, na guku aliyasikiliza yote akiwa ameishika picha kwenye mwanga wa mlango. Aliifuta kwa kiganja, ingawa haikuwa na vumbi.

"Mimi mnanijua," akasema. "Huyu ndiye aliyeondoka."

Akaibandika ukutani, chini kidogo, usawa wa kigoda chake. Wageni walipouliza huyu mwenye koti ni nani, alijibu kwamba ni mchungaji wa Mabala.

Nilikusudia kumpiga nyingine. Likizo iliyofuata kamera ilikuwa imekwama, vumbi limeingia kwenye kifungo, na shangazi aliipeleka kwa fundi Mwanza ikakaa huko muda mrefu. Nikaanza sekondari. Guku alifariki wakati wa mvua nikiwa kidato cha kwanza, na habari ilinifikia akiwa ameshazikwa.

Kamera ilipopona nilianza kusimama mbali. Kila nyumba niliyokwenda niliwaomba wazee wakae mlangoni, mahali penye mwanga wa kutosha lakini jua halifiki, nikawapiga sura. Nilipopangiwa kufundisha Bariadi nilinunua kamera yangu mwenyewe. Nilijifunza kwamba asubuhi mapema, kabla magari hayajatimua vumbi, sura ya mtu huwa na ulaini ambao saa sita haupo. Nilipiga foleni za kuuza pamba, walimu wenzangu, kina mama wakitoka kisimani. Waliniomba mara kwa mara niende kwenye harusi zao kama mpiga picha wa kazi, nikakataa, kwa sababu sikutaka mtu aniambie lini nibonyeze.

Kisha mikanda ikaadimika. Studio ya mwisho niliyoitegemea ikageuka duka la simu. Nikanunua kamera ya dijitali, na siku ya kwanza nilipiga kila kitu: kuku, geti, vyombo, mtoto wa jirani anapiga chafya. Jioni nilizitazama zote na sikuona hata moja niliyokuwa nimeitaka. Ilinichukua muda kurudi kwenye ule utaratibu wa shangazi, kwa sababu hakuna kitu kinachokulazimisha. Hakuna kinachoisha. Ukikosea unafuta. Leo nina picha nyingi kuliko watu wote wa ukoo wangu wanavyoweza kuzitazama, na kwa kweli hawazitazami.

Mwaka jana ukoo ulikutana Mwandoya kujengea makaburi ya guku na bibi. Mdogo wangu Ima, kitindamimba wa baba mdogo Masanja na yule bibi harusi wa Mabala, ana kiofisi Bariadi mjini cha kuchapa fulana na kadi. Yeye ndiye aliyeleta wazo la kuweka sura zao kwenye vigae vya makaburi. Bibi alikuwa na picha ya paspoti. Guku hakuwa na kitu, isipokuwa ile yangu, ambayo baba mdogo alikuwa ameitunza.

Tulipokuwa tumekaa barazani Ima akazungusha simu yake. Ilikuwa picha yangu ileile, Mabala na kope zake, koti, mkono juu ya nundu. Juu ya koti kulikuwa na kichwa cha mzee mwenye kofia, anatabasamu kidogo. Kilikaa vizuri. Hata mimi ninayejua kuangalia sikuona mahali kilipoungwa.

Baba mdogo alivaa miwani, akaitazama kwa muda.

"Mzee mzuri," akasema. "Ni wa ukoo gani?"

Ima akamweleza kwa heshima kwamba huyo ni guku. Alikuwa amechukua picha za baba mdogo, za marehemu baba yangu na za shangazi, akaipa programu izichanganye.

"Pua siyo," akasema shangazi Kabula. "Na hakuwa na macho ya kumwangalia mtu hivyo."

Ima hakukasirika. Akatoa kalamu, akasema basi tumwambie alikuwaje, atarekebisha papo hapo. Shangazi akasema mashavu yalikuwa yameingia ndani. Baba mdogo akasema hapana, hayo yalikuwa ya mwisho mwisho, guku alikuwa mtu wa uso mpana. Sayi alikumbuka ndevu. Mimi sikukumbuka ndevu kabisa. Waliomjua pale barazani tulikuwa wanne, na kadiri tulivyoendelea kusema ndivyo kila mmoja alivyopunguza sauti, mpaka Ima akaweka kalamu chini.

Tukakubaliana kwamba kaburi la bibi liwe na sura, la guku liwe na jina. Fundi akamaliza siku hiyohiyo, tukasali, tukala, watu wakatawanyika. Ima hakubishana. Jioni aliituma ile picha kwenye kundi la simu la familia na maneno ya kumtakia guku pumziko jema, na wadogo zetu wote, walioko Dar na walioko Mwanza, wakaweka mioyo chini yake.

Sasa hiyo ndiyo sura ya guku. Watoto wa Ima wakiulizwa babu yao mkubwa alikuwaje, wanafungua simu na kukuonyesha, na wanamjua vizuri kuliko sisi tulivyowajua wa kwetu. Sisi tulikuwa na picha chache, na watu wengi tuliowakumbuka bila picha. Sijui kama nimlaumu Ima. Alifanya kwa upendo, na kwa ufundi ambao mimi sina.

Ila juzi, nikisahihisha madaftari, nilitaka kumkumbuka guku akiwa amesimama pale mlangoni na picha mkononi. Koti likaja, kiganja kikaja. Uso uliokuja ulikuwa ule wa kwenye simu, unatabasamu kidogo. Nikaacha kalamu, nikafumba macho, nikasubiri ule mwingine. Bado nausubiri.