Daktari wa Hesabu na Kiondo cha Viazi

Saa mbili asubuhi, ukungu bado haujayaachia mashamba ya Chaka, na Dkt. Gacheri Marete amechuchumaa kati ya mistari ya viazi vya mama mkwe wake. Anakata shina lililolegea, anatumbukiza ncha yake katika glasi ya maji safi, anangoja.

Mama mkwe, Wamucii, amesimama nyuma yake, mikono kiunoni.

"Hiyo glasi ni ya wageni," anasema.

"Nitaiosha, Shosho," anajibu Gacheri, akimwita bibi kama wajukuu wanavyomwita.

"Utanunua ingine."

Uzi mweupe kama maziwa unatoka kwenye shina na kushuka polepole majini. Wote wawili wanajua maana yake. Ni mnyauko, ugonjwa unaoozesha viazi na kukaa udongoni kwa miaka. Hauna dawa.

Shamba hili ndilo linalotoa sehemu kubwa ya mbegu kwa kikundi cha akina mama cha hapa. Mvua ya masika ikianza, mbegu hugawanywa. Ikigawanywa ikiwa na ugonjwa, mashamba yote yameharibika. Isipogawanywa, mbegu haitatosha.

Kuna jambo jingine linalomkera Gacheri. Ramani aliyoichora mwenyewe ilisema mnyauko hautafika hapa.

Gacheri, 41, ni mtaalamu wa hesabu za viumbe. Kwa maneno mepesi, anapiga hesabu kujua ugonjwa unatoka wapi, unaenda wapi, na utafungiwa njia wapi. Anafundisha chuoni mjini Nyeri. Siku asizo na darasa huvaa gambuti akazunguka mashamba ya Kieni, eneo lilipo Chaka.

Alizaliwa Timau, upande wa Meru, kwa wakulima wa viazi. Alipopata udaktari, baba yake alichinja mbuzi. Majirani wakaja na magonjwa yao.

"Mmoja alivua kiatu anionyeshe kidole," anasema akicheka. "Nikamwambia mimi ni daktari wa hesabu. Akaniuliza, 'Kwani hesabu nazo huugua?'"

Kazi hii aliianzia Kangema, alipokuwa mwalimu wa sekondari. Mafua yaliingia darasani, naye akaanza kuchora mishale ubaoni: nani aliketi na nani, nani akafuata kukohoa. Wanafunzi walidhani anatafuta wa kuadhibu. Yeye alikuwa amepata kazi ya maisha.

Katika hesabu ya mnyauko alikuwa ameweka soko, maji ya mifereji, na udongo unaoganda kwenye majembe. Wamucii hanunui mbegu sokoni. Shamba lake liko juu ya mfereji. Na jembe lake hamwazimi mtu, hata kanisa. Hesabu ikasema yuko salama.

Gacheri anainuka. Mimea iliyonyauka yote iko katika mistari miwili ya mwisho.

"Shosho, mbegu ya hii mistari ilitoka wapi?"

"Si ni zile zako."

"Zangu zipi?"

"Za mtoto wa Beth! Ulizileta na kiondo, kubwa, nyekundu. Tukala tukashiba, zingine zikachipua. Ati ningetupa zawadi ya mtu?"

Beth ni wifi yake Gacheri. Alipojifungua mwaka jana, Gacheri alikuja kumwona mtoto kama wanawake wengine, na huku hakuna mwanamke anayekwenda kumwona mtoto mikono mitupu. Alibeba viazi vya kwao Timau katika kiondo, kikapu cha kusukwa cha mgongoni.

Daktari anakaa chini kwenye tope, anacheka mpaka anafuta machozi. Miaka sita amekimbizana na malori ya viazi, kumbe ugonjwa ameubeba mgongoni.

Alasiri kikundi kinakutana uani kwa Wamucii. Gacheri anasimama na kusema wazi: mnyauko umeletwa na yeye. Mbegu ya shamba hili haitagawanywa. Iliyoko stoo ilivunwa shamba jingine la kikundi, imepimwa na ni safi, ila ni nusu tu ya inayohitajika. Tena anaomba viazi vya zawadi visipandwe kamwe.

"Kwa hivyo Mmeru ametuletea ugonjwa," anasema Wangui, mwenyekiti, "na sasa anataka kutufundisha?"

"Ni Mmeru wangu," Wamucii anamjibu. "Nikitaka kumgombeza nitamgombeza mwenyewe."

Kicheko kinapasuka. Lakini Wangui hajamaliza. "Mtu akipewa viazi vizuri hivyo atajizuia kupanda? Mimi sitajizuia."

Anasema kweli, na Gacheri anaitikia kwa kichwa.

"Basi tuvipeleke vikiwa vimemenywa," anasema Beth, mtoto akinyonya. "Kilichomenywa hakichipui."

"Vimemenywa?" anauliza Wangui. "Hiyo ni zawadi ama ni dharau?"

"Mwenyekiti, wewe umesahau uzazi," Beth anamjibu. "Mtu angenimenyea kiazi siku zile, ningelia kwa furaha."

Akina mama wanapiga makofi. Wangui naye anapiga, ingawa wa mwisho. Wanakubaliana pia kugawana ile nusu sawa kwa sawa, na sehemu itakayobaki wapande maharagwe.

Gacheri sasa anaingiza watoto wanaozaliwa katika hesabu yake. Madoa kadhaa ya ugonjwa yaliyomshinda kwenye ramani, anasema, yameanza kueleweka. Anapanga kuwafundisha akina mama wa Kieni kupima mashina wenyewe, kila mmoja na glasi yake.

Shamba la Wamucii litakaa na mahindi kwa miaka kadhaa. Gacheri anatumaini siku moja Wamucii atapanda hapo viazi tena, na maji ya glasi yabaki safi, bila uzi.

"Na mimi nitaruhusiwa kuleta kiondo?" anamuuliza mama mkwe.

Wamucii anaifuta glasi yake mpya kwa leso, anaiangalia kwenye mwanga.

"Wewe," anasema, "utakuwa unaleta mkate."