Sauti Iliyoingia Kwenye Laini

Ofisi yetu ilikuwa juu ya duka la mbegu na mbolea, katikati ya mji wa Eldoret, na kwa muda mrefu ilikuwa na simu moja tu. Ilikaa mezani kwa mwenyekiti. Ukipigiwa, uliitwa kwa sauti, ukakimbia koridoni, ukaongea umesimama huku mzee mwenyewe akikutazama. Ilikuwa kampuni ya kununua mashamba. Uhuru ulikuwa umekuja, Wazungu walikuwa wakiuza na kuondoka, na watu wetu kutoka upande wa kati wa nchi walijiunga kununua shamba kubwa kisha kugawana. Mimi nilikuwa msichana wa kupiga taipu.

Baba alikuwa mmoja wa wanunuzi hao. Aliuza kishamba chetu cha kahawa kule nyumbani, akatuleta karibu na Ziwa, kituo kidogo nje ya Eldoret, mahali penye upepo na mahindi tu. Kaka yangu, kifungua mimba, hakukubali. Alimwambia Baba mbele yetu sote, "Mzee, umeuza makaburi ya babu zetu ukanunua baridi." Baba akamjibu, "Basi toka. Toka kwa boma yangu." Kaka akaenda Mombasa, akapata kazi ya ukarani katika godauni moja karibu na bandari. Tangu hapo hakuna aliyemtaja mezani. Namba ya simu ya pale kazini kwake niliipata kwa binamu yetu, nikaiweka kichwani.

Biashara ilipokua, mwenyekiti aliamua ofisi iwe na laini tatu za nje na simu katika kila chumba. Fundi alikuja kutoka Nakuru na mizingo ya waya. Alitoboa kuta mpaka taipureta yangu ikajaa vumbi jeupe, akapitisha waya juu ya dari, akapanga betri kwenye stoo na kutuonya tusiziguse kwa sababu ya asidi. Mwisho akaniwekea swichibodi mezani, ubao wenye matundu na kamba. Mtu akipiga, kifuniko kidogo kinaanguka. Unachomeka kamba, unauliza anamtaka nani, unachomeka kamba ya pili kwenye chumba chake. Nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa opereta sasa.

Siku ya kujaribu mitambo, fundi alisema tupige simu ya mbali, ile tuliyoiita trankoli, ajue kama laini inavuta vizuri. Siku hiyo Mama alikuwa amekuja mjini sokoni, akapitia ofisini kunisalimia. Alikuwa ameketi kwenye benchi, kiondo chake cha sokoni miguuni.

"Mombasa ni mbali ya kutosha?" nikamuuliza fundi.

"Mombasa ni sawa kabisa," akasema.

Niliagiza simu kupitia posta, tukangoja. Mama sikumwambia kitu. Kifuniko kilipoanguka na nikasikia sauti ya kaka yangu ikisema hallo, nilisogeza kiti changu kando. Nikamwita Mama, nikamshikisha mkono wa simu. Aliugeuza juu chini, fundi akamrekebishia taratibu.

"Ni nani huyo?" Mama akauliza, kisha akamtambua. Akapaza sauti kana kwamba anaita mtu ng'ambo ya mto. Akamuuliza kama anakula, kama anaumwa, kama huko kuna malaria. Akamweleza ng'ombe aliyezaa, jirani aliyeoa. Waliongea lugha yetu ya nyumbani. Mimi nilikuwa na kisikizi changu masikioni, nikamsikia kaka akimkatiza kwa upole.

"Mama, Baba yuko?"

Kabla Mama hajajibu, sauti nyingine iliingia. Fundi alikuwa hajamaliza kutenganisha waya za chumba cha mwenyekiti, kwa hivyo simu yake ilisikia kila laini. Mwenyekiti aliinua mkono wa simu akitaka kupiga, akakuta watu wanaongea. Alikuwa mtu wa kwetu, wa rika la Baba, na kwa lugha ile ile akafoka, "Nani huyo? Toka! Toka hapo!"

Laini ikakatika. Mimi nilidhani ni mitambo. Niliomba posta waturudishie. Wakasema kule hakuna anayeinua. Mama aliketi tena kwenye benchi, akafuta macho na ncha ya leso, akasema, "Nimemsikia. Ni mzima." Mwenyekiti alitoka akiuliza kwa nini simu mpya ina watu ndani yake, na fundi akacheka, akaenda kurekebisha.

Jioni, nyumbani, Mama alimwambia Baba. Nilitegemea hasira. Baba aliweka kikombe chini.

"Alisema nini?"

"Aliuliza kama uko. Halafu simu ikakatika."

Baba akamaliza chai yake, akatoka kuangalia ng'ombe. Lakini tangu siku hiyo alianza kupitia ofisini kwangu. Alisema amekuja kuulizia mipaka ya shamba, kisha akaketi karibu na swichibodi akiniangalia nikichomeka kamba. Kifuniko kikianguka alinyoosha shingo. Siku moja akauliza, "Hii inaweza kufika hata Mombasa?" Nikamwambia inafika. Akaitikia kwa kichwa, akachukua kofia yake, akaondoka. Nilipiga tena godauni mara nyingi. Mwishowe mtu akaniambia kaka yangu aliacha kazi, na hawajui alikokwenda.

Baba alikufa kwa nimonia, msimu wa mvua. Tulipeleka tangazo redioni, na kaka akalisikia akiwa Voi. Alifika tukiwa tumeshazika. Jioni moja tulikuwa wawili tukikama, nikamuuliza kwa nini hakupiga tena.

"Nipige nini, dada? Siku ile nilikuwa naomba ruhusa ya kurudi. Nikamsikia Baba mwenyewe. Alisema toka, kama mara ya kwanza."

Nikaacha kukama. Nikamweleza kuhusu mwenyekiti, kuhusu waya ambazo hazikuwa zimetenganishwa. Nikamwambia Baba hakuwa hata mjini siku hiyo. Na jinsi alivyokuwa akija kuketi karibu na ubao wangu.

Kaka aliweka ndoo ya maziwa chini. "Sauti ilikuwa yake," akasema. Kisha, polepole, "Nilidhani ilikuwa yake."

Mara nyingi nimewaza kwamba ningemwacha Mama aende zake sokoni siku ile, labda kaka angerudi mwenyewe, kwa barua au kwa gari la moshi, na wangekutana uso kwa uso. Labda pia asingerudi. Hilo sitalijua.

Kesho yake Mama alimshika kaka mkono, akampeleka nyuma ya mahindi, penye ukingo wa shamba. Palikuwa na kipande kilichoota nyasi, kimezungushiwa miti ya wattle, ile ya kuni, iliyokwisha kuwa mirefu.

"Hapa ni pako," akamwambia. "Kila mwaka nilimwambia baba yako tupande viazi. Alikataa palimwe na mtu mwingine."

Kaka alivua viatu, akaingia kwenye nyasi zenye umande, akatembea mpaka katikati. Alisimama huko, ametugeuzia mgongo, na sisi wawili tukarudi nyumbani kuwasha moto.