Ngozi si Shuka

Siku mwalimu mkuu alipomrudisha nyumbani binti wa miaka saba wa dobi mmoja, eti wazazi wengine wanaogopa upele, mama huyo alipandwa na hasira. Upele! Mtoto wa mwanamke anayefua shuka za nyumba nzima ya wageni, ambaye kwake doa la damu iliyokauka ni kazi ya dakika kumi.

Basi akafanya alilolijua. Tangu viwiko na nyuma ya magoti ya mtoto vilipoanza kukakamaa na kuwasha, kila jioni alimsugua kwa sabuni ya mche na brashi, kama anavyosugua kola. Doa halibembelezwi, ndivyo alivyofundishwa kazini. Siku hiyo alisugua mara mbili.

Ngozi ilipozidi kuchanika, shoga yake dobi akawapeleka kwa mtaalamu wa tiba mbadala ya homeopathi, bwana mwenye maneno matamu kuliko vidonge vyake, navyo vilikuwa vitamu kama peremende. Akaamuru dawa ya kupaka aliyokuwa amepewa mtoto hospitali itupwe. Ngozi ikichachamaa, alisema, msiogope, ndiyo dawa inafanya kazi. Dobi akangoja wiki tatu. Ngozi ikaanza kutoa maji ya manjano, mtoto akashikwa na homa.

Dobi akamkimbiza zahanati, na muuguzi wa huko hakumkaripia. Alimpa mtoto dawa ya vidonda, akaeleza kuwa ile ni pumu ya ngozi, haiambukizi, na mara nyingi hutembea katika ukoo. Haing'olewi kwa siku moja, hutulizwa: maji ya uvuguvugu, mafuta mazito mara tu baada ya kuoga, na dawa ya kupaka kama ilivyoandikwa. Vidonge vile havijathibitika kutibu ugonjwa huo, na kuacha dawa ndiko kulikomponza mtoto. Kisha akauliza anaogeshwa vipi.

Dobi akamwambia. Muuguzi akaweka kalamu chini.

"Mama, sabuni ile na brashi ndivyo vinavyomchuna. Ngozi yake haina uchafu."

Njiani dobi alimlaani mwalimu, akamlaani bwana wa vidonge, na alipofika mlangoni wa kulaaniwa walikuwa wamekwisha, amebaki yeye. Jioni akammwagia mtoto maji taratibu kwa kiganja. Binti alikuwa ameshafumba macho na kuuma meno, akingoja. Akafumbua jicho moja.

"Mama, kwani leo nimekuwa safi?"